Kliniki ya miguu ya wazee: kucha ni sehemu ndogo ya kazi yake

Mama yangu mzazi anahudumiwa katika kliniki ya miguu ya wazee, nami nimekuwa nikikaa naye chumbani tangu anapovuliwa viatu hadi anaporuhusiwa kuondoka. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu ambao wazazi wao wameanza kutembea kwa kushika kuta, kwa sababu huduma ya namna hii hudhaniwa kuwa ni mahali pa kukatiwa kucha tu, na wengi huihesabu kuwa ni anasa ya kungojea hadi mambo mengine yote yakamilike. Niseme mapema ninavyoiona: ni huduma nzuri, ina kasoro ambazo si ndogo, na faida yake kubwa haipatikani kwenye kucha bali katika dakika chache ambazo mtaalamu humtazama mzee akitembea, kisha akavishika viatu alivyokuja navyo na kuvichunguza.

Uzito wa jambo lenyewe haupingiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na kwamba kundi linalopoteza watu wengi zaidi kwa njia hiyo ni la wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Wanaoumia kiasi cha kuhitaji matibabu ni wengi zaidi, takriban milioni 37.3 kwa mwaka. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi hapati tena uhuru aliokuwa nao wa kwenda atakako bila kusaidiwa. Hata asipovunjika kitu, hofu ya kuanguka tena humfanya apunguze kutembea, misuli ya miguu hunywea kwa kukosa kazi, na hatari aliyokuwa akiikimbia ndiyo inayozidi kumkaribia. Katika hali hiyo familia nyingi hukimbilia kumnunulia fimbo, kumpeleka kupimwa macho na kumpaka dawa ya magoti, mambo ambayo yote yana nafasi yake, lakini ni nadra mtu kupiga goti na kuitazama miguu yenyewe. Mguu mmoja una mifupa 26, na ngozi ya wayo imejaa neva zinazoupasha ubongo habari za sakafu: kama ni tambarare au imeinama, kavu au yenye utelezi. Habari hizo zikichelewa au zikikatika, mwili hujirekebisha wakati umeshayumba.

Kliniki niliyoifikia haina mashine kubwa. Ina kiti cha kupanda na kushuka, taa yenye mkono mrefu, meza ya vyombo vilivyotakaswa kwa joto na ukumbi mfupi usio na vikwazo. Kazi ilianzia ukumbini. Mtaalamu alimwomba Mama aketi kwenye kiti cha kawaida, anyanyuke, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi tena, huku yeye akihesabu muda. Kipimo hiki hutumika katika nchi nyingi, na mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Mama alizidi kidogo. Hata hivyo, mtaalamu hakuitilia maanani saa peke yake. Aliangalia jinsi Mama alivyojisukuma kwa mikono ili anyanyuke, jinsi alivyochukua hatua nyingi ndogondogo wakati wa kugeuka, na jinsi mguu wa kulia ulivyotua kwa ubapa bila kisigino kutangulia. Baadaye alitueleza kwamba kifundo cha mguu huo kimekakamaa, na ncha ya mguu isiponyanyuka vya kutosha, mzee hujikwaa hata kwenye ukingo wa zulia ambao kijana hauoni.

Kisha vikafuata vipimo vya hisia, na hapa ndipo nilipoona thamani ya utaalamu. Kuna uzi mgumu wa nailoni uliotengenezwa kwa namna ya kupinda pale unapobonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Mtaalamu alimwomba Mama afumbe macho akamwambia, “Mama, kila ukihisi nimekugusa sema ndiyo, usikisie.” Akaanza kugusa chini ya kidole gumba, chini ya vidole vingine, kwenye mto wa wayo. Kwa mguu wa kushoto majibu yalikuja vizuri. Kwa mguu wa kulia uzi ulipinda chini ya kidole gumba na Mama akanyamaza. Punde akasema “ndiyo” ilhali hakuna kilichomgusa. Nilikuwa nimeishi karibu naye miaka yote hiyo bila kufahamu kwamba sehemu ile imekufa ganzi, na yeye mwenyewe alishangaa, kwa sababu ganzi ya aina hiyo huingia polepole wala haiumi. Kipimo cha mtetemo kilithibitisha hivyo: chombo cha chuma chenye meno mawili, kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde, huwekwa kwenye mfupa wa kidole gumba na mzee hueleza mtetemo unapokoma kusikika. Mwishoni alipapasa mapigo ya damu mahali pawili, juu ya wayo na nyuma ya fundo la ndani, ili ajue kama damu inafika vidoleni. Kwa mwenye kisukari uchunguzi wa aina hii unapaswa kufanywa angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa hisia zimeshapungua, kwa kuwa mguu usiohisi unaweza kukanyaga msumari au kuungua kwa maji ya moto bila mwenyewe kupata habari.

Matibabu ya kucha na ngozi yalifanywa kwa ustadi na kwa utulivu. Kucha za vidole gumba vya Mama zilikuwa zimenenepa na kuanza kujikunja, hali ambayo kikata kucha cha nyumbani hakiwezi kuimudu, naye mwenyewe hawezi tena kuinama kiasi cha kuzifikia. Zilipunguzwa unene kwa tupa kabla ya kukatwa, zikakatwa kwa mstari ulionyooka bila kuchimbwa pembeni, maana kuchimba pembe ndiko kunakoufanya ukucha uingie nyamani. Sugu iliyokuwa chini ya kidole kidogo ilichongwa kwa wembe maalumu tabaka baada ya tabaka hadi kiini chake kigumu kikatoka, na Mama aliposhuka kitini alitembea kama mtu aliyetoa kokoto kiatuni. Manufaa ya kazi hii ni zaidi ya unadhifu. Mzee mwenye sugu inayouma huuhamisha uzito wake bila kujitambua, hukanyaga kwa upande, hufupisha hatua na kupoteza mizani, na maumivu ya miguu ni mojawapo ya mambo ambayo utafiti umeyahusisha mara kwa mara na kuanguka. Mtaalamu alitukataza katakata kutumia plasta za tindikali zinazouzwa kwa ajili ya kuondoa sugu, kwani kwenye mguu wenye ganzi au wenye damu haba tindikali hiyo hula ngozi nzima na kuacha kidonda kisichopona.

Sehemu ya viatu ndiyo ninayoisifu kuliko zote. Mama alisimamishwa juu ya karatasi, mguu wake ukachorwa kwa penseli kuuzunguka, kisha kiatu chake cha kila siku kikawekwa juu ya mchoro. Pande zote mbili za mchoro zilijitokeza nje ya kiatu. Hakuna hotuba ambayo ingemshawishi Mama kama karatasi ile ilivyomshawishi, kwa kuwa amekuwa akinunua saizi ileile tangu ujanani, ilhali mguu hupanuka na kurefuka kadiri kano zinavyolegea kwa umri. Mtaalamu aligeuza soli akatuonyesha jinsi kisigino kilivyolika upande wa nje, akakibonyeza kiatu kwa nyuma na kikaporomoka bila upinzani, akakikunja katikati na kikakubali kama kitambaa.

Tuliondoka na maelekezo yaliyoeleweka kuhusu kiatu cha kutafuta. Kiwe na nyuma imara inayokishika kisigino, kifungwe kwa kamba au kwa vishikizo vya kunata juu ya wayo, kisigino chake kiwe kipana na kisizidi kimo cha takriban sentimita 2.5, soli iwe nyembamba, ngumu kiasi na yenye mistari ya kuzuia utelezi, na mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono kati ya ncha ya kidole kirefu zaidi na ncha ya kiatu. Kipimwe akiwa amesimama, mchana unapoelekea jioni wakati miguu imeshavimba kidogo, na kwa mguu ulio mkubwa kati ya miwili. Jambo lililonishangaza ni hilo la soli nyembamba. Wengi wetu tukimpenda mzee tunamnunulia viatu vyenye soli nene na laini ili asiumie, kumbe ulaini ule unamnyima hata zile habari chache ambazo neva zake bado zinaweza kuzipokea, na unene wake unamnyanyua na kumyumbisha. Kandambili na viatu vya ndani visivyo na nyuma vilikataliwa moja kwa moja, kwa kuwa humlazimu mzee kukunja vidole ili visimtoke na kuburuta miguu badala ya kuinyanyua. Kutembea ndani kwa soksi tupu nako kulikatazwa, na hata pekupeku, tabia ambayo wazee wengi huiona kuwa salama zaidi, imeonekana katika tafiti kuongeza hatari ya kuanguka nyumbani.

Kwa upande wa mazoezi, huduma ilikuwa nzuri katika kufundisha na dhaifu katika kufuatilia. Mama alifundishwa kunyanyua visigino huku ameshika ukingo wa meza, kunyanyua vidole vya mbele huku visigino vikiwa chini, kuvuta taulo kwa vidole vya miguu akiwa ameketi, na kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine karibu na mahali pa kushika. Kidole gumba kinastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ndicho kinachoisukuma ardhi mwishoni mwa kila hatua na kuuzuia mwili unapoelekea kuanguka mbele, na udhaifu wake hauonekani kwa macho. Mazoezi ya kuimarisha miguu na mizani hayana mzaha: mpango mmoja wa mazoezi ya nyumbani ulioanzishwa New Zealand ulipunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban theluthi moja. Sasa mpe mzee mwenye macho hafifu mazoezi muhimu kiasi hicho kwenye karatasi ya herufi ndogo, yenye michoro iliyofifia, kisha usimpigie hata simu kumuuliza kama anayafanya, nawe umetupa nusu ya kazi yako. Ilinibidi niyaandike upya kwa herufi kubwa na kuyabandika ukutani.

Kasoro ya pili ni kwamba kliniki ilimuuliza Mama maswali mengi ya miguu na karibu hakuna ya mwili mzima. Hawakuuliza dawa anazotumia hadi nilipozitaja mwenyewe. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za shinikizo la damu na zile za kutuliza wasiwasi humfanya mzee apate kizunguzungu, hasa anaponyanyuka kitandani usiku kwenda msalani, na mtu anayezungumza juu ya kuzuia kuanguka bila kugusa jambo hilo ameacha mlango mmoja wazi. Hawakuuliza pia kuhusu miwani, ilhali miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja huvuruga makadirio ya mtu anaposhuka ngazi. Sitarajii mtaalamu wa miguu abadilishe dawa, lakini natarajia aulize, aandike, na amwelekeze mzee kwa daktari wake.

Ya tatu inanigusa zaidi, nayo ni adabu. Mhudumu wa mapokezi alikuwa akinielekezea mimi maneno yote, hata alipouliza miguu inauma wapi, kana kwamba Mama hakuwapo mbele yake. Mtu mzima anayeamuliwa mambo ya mwili wake huku akitazama huacha kusema, na mzee aliyeacha kusema hatataja kwamba wiki iliyopita alianguka bafuni. Wazee wengi huficha kuanguka kwao wakihofia kunyang'anywa uhuru wa kuishi peke yao au kutoka watakapo. Mtaalamu mwenyewe alikuwa tofauti kabisa: aliketi chini ya kimo cha Mama, akamtazama usoni, akamuuliza taratibu, “Mama, tangu mwaka uanze, umewahi kujikuta sakafuni bila kutaka?” Kwa swali hilo nilisikia mambo ambayo sikuwa nimewahi kuambiwa nyumbani.

Lipo pia suala la nyayo bandia za kuweka ndani ya viatu, ambazo kliniki huzipendekeza kwa urahisi kupita kiasi. Kwa baadhi ya wazee zinasaidia kugawa uzito na kupunguza maumivu, lakini niliona zikipendekezwa hata kwa mzee ambaye viatu vyake vilikuwa vimebana tayari, na kitu cha ziada ndani ya kiatu kinachobana hukaza vidole na kuleta malengelenge. Atakayeambiwa anunue aulize sababu, na azijaribu zikiwa ndani ya viatu atakavyovaa, akitembea, si akiwa ameketi.

Je, huduma hii inazuia kweli kuanguka? Ushahidi upo, na ni vyema tuusome kwa uadilifu. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia kwa mwaka mzima wazee 305 waliokuwa na maumivu makali ya miguu. Nusu yao walipata huduma kamili, yaani ushauri na msaada wa viatu, nyayo za ndani, mazoezi ya miguu na vifundo, pamoja na mafunzo ya kuzuia kuanguka, juu ya huduma ya kawaida ya miguu ambayo makundi yote mawili yaliipata. Kundi lililopata huduma kamili lilikuwa na maanguko machache kwa asilimia 36. Utafiti mwingine uliofanywa baadaye Uingereza na Ireland, wenye washiriki zaidi ya 1,000 na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, ulipata punguzo dogo zaidi ambalo kitakwimu halikutosha kuthibitisha kwamba maanguko yalipungua. Ninavyoelewa mimi, tofauti hiyo inatupa mwongozo wa nani anufaike kwanza: mzee ambaye miguu yake inauma, iliyokufa ganzi au iliyoharibika umbo, huyo huduma hii imetengenezewa. Mzee mwenye miguu yenye afya ambaye huanguka kwa sababu ya kizunguzungu au macho anahitaji kuanzia kwa daktari. Na katika ule utafiti wa Australia kukata kucha peke yake, ambako kila mshiriki alikupata, siko kulikoleta tofauti.

Kati ya miadi na miadi kazi hubaki nyumbani, na kliniki yetu ilieleza vizuri tunachopaswa kufanya. Miguu ioshwe kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, ikaushwe hadi katikati ya vidole ambako fangasi hupenda kukaa, na mafuta yapakwe juu na kwenye visigino vyenye magaga lakini yasipakwe katikati ya vidole. Baada ya kupaka, soksi na viatu vivaliwe kabla ya kusimama, kwani wayo uliopakwa mafuta kwenye sakafu laini ni hatari tupu. Kila siku mtu amtazame nyayo, au mzee mwenyewe atumie kioo kilichowekwa sakafuni, akitafuta mwanzo wa jeraha, wekundu, uvimbe au mabadiliko ya rangi. Kidonda kwenye mguu wenye ganzi, kidole kilichogeuka rangi, au mguu uliopata joto na kuvimba ghafla havingoji miadi ya kliniki ya miguu. Vinapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa jumla, nitaendelea kumpeleka Mama. Sugu haijarudi kumsumbua, anavaa viatu vyenye vishikizo tangu anapoamka, na anageuka jikoni bila kushika ukuta. Atakayetafuta huduma kama hii apige simu kwanza na kuuliza mambo matatu: kama mzee hupimwa hisia za nyayo, kama hutazamwa akitembea, na kama viatu vyake hukaguliwa. Wakijibu kwamba wao hushughulika na kucha na ngozi tu, huduma yao inaweza kuwa nzuri kwa kazi hiyo, lakini haitoshi kwa mzee aliyeanza kuanguka. Na siku ya miadi, mzee aende na viatu vyote anavyovitumia ndani ya mfuko mmoja, vikiwemo vya bafuni na vile anavyotumbukiza miguu usiku, pamoja na orodha ya dawa zake, hata kama hakuna aliyeiomba.